Mwanafunzi Aliyejiajiri Ualimu

Mtu wa bara anayefika Malindi mara ya kwanza hushangaa kumsikia mtembeza wageni akizungumza Kiitaliano kisichokwama. Mshangao wenyewe haudumu, kwa sababu huambiwa haraka kwamba watu wa huku wamewazoea Wazungu. Maelezo hayo hayatoshi. Mazoea hayamfundishi mtu lugha. Wako watu waliokaa miaka na miaka kando ya Waitaliano walewale, na mpaka leo hawana zaidi ya ciao na grazie. Aliye na lugha ameifanyia kazi, na kwa kuwa kazi hiyo haina darasa, haina kengele wala cheti, watu huidhania bahati au kipaji. Mimi nimeitazama kwa muda mrefu, na kadiri ninavyoitazama ndivyo ninavyoiona kuwa ni ufundi kama ufundi mwingine wowote, wenye hatua zake, zana zake na vipimo vyake.

Kiitaliano kilifika pande hizi kwa njia ya ajabu kidogo, kwa roketi. Katika miaka ya 1960 Waitaliano wakiongozwa na profesa Luigi Broglio walisimika jukwaa la San Marco baharini, mkabala na Ngomeni, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Malindi. Aprili 1967 walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa nyingine, ya Wamarekani, iliyokwenda kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota, nayo ikapewa jina la Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake. Baada ya wahandisi wakaja watalii, na baada ya watalii wakaja wenye hoteli, wenye mikahawa na wastaafu waliotaka kumalizia uzee wao penye jua. Hata ufuo wa Mayungu wakaubatiza Sardegna Due, kwa jina la kisiwa chao. Basi lugha ilikuwepo, imetandazwa mchangani, kila mtu akiisikia. Swali ni kwa nini wachache tu ndio walioiokota.

Jibu langu ni kwamba anayejifunza peke yake ana kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni uanafunzi: kusikia, kukariri, kutamka. Hiyo wengi wanaiweza. Ya pili ni ualimu: kuamua leo tujifunze nini, lipi tuliache kwanza, nani aaminiwe na nani asiaminiwe, na kosa lipi lisahihishwe kabla halijaota mizizi. Shuleni kazi hiyo hufanywa na mtu mwingine, na mwanafunzi haioni. Ufukweni hakuna wa kuifanya. Anayefaulu ni yule aliyekubali kujiajiri ualimu.

Ninaye mmoja ninayemfahamu vizuri, mtu wa makamo, anayewapeleka wageni kwa mashua ya kioo kwenye Hifadhi ya Bahari ya Malindi na kuwatembeza mjini jioni. Wengi wa rika lake walianza na salamu na bei, wakaishia papo hapo, maana salamu na bei hazizai. Yeye alianza na maswali. Kabla hajajua kusalimu kwa ukamilifu, alijua kuuliza hiki kinaitwaje, jambo hili husemwaje, na tafadhali rudia polepole. Come si chiama, come si dice, piano piano. Mwenye maneno hayo hana haja ya kusubiri afundishwe, kwa sababu kila anayepita mbele yake amekwisha kuwa mwalimu, apende asipende.

Baada ya hapo alichagua maneno kwa kuangalia kazi ya kesho. Akiwa na safari ya kupanda mashua, alitafuta ya baharini: pweza ni polpo, kaa ni granchio, kasa ni tartaruga, jodari ni tonno, maji kupwa ni bassa marea. Alijifunza leo, akayatumia kesho asubuhi, na neno lililotumika mara tatu mbele ya samaki mwenyewe halikutoka tena. Maneno ya theluji na treni aliyaacha yapite. Kitabu cha shule kingemfundisha jina la ubao na chaki katika somo la kwanza. Yeye mwalimu wake alikuwa anajua mwanafunzi anaamkia wapi.

Sasa kuna mtego ambao wengi hunaswa nao bila kujua. Mtaliano akizungumza na mwenyeji ufukweni, mara nyingi hukivunja Kiitaliano chake kwa makusudi, akidhani anamsaidia. Huviacha vitenzi bila kuvinyambua: tu mangiare, tu venire domani. Ni kama mtu amwambie mgeni wa Kiswahili “wewe kula, wewe kuja kesho”. Anayejifunza kwa kuigiza anachoambiwa atakimudu Kiitaliano hicho kilichovunjika, na atakisema kwa ufasaha mkubwa maisha yake yote. Fundi ninayemsema aliligundua jambo hili mapema: lugha aliyokuwa akipewa haikuwa ile waliyokuwa wakipeana wenyewe. Basi akaacha kutegemea wanachomwambia, akaanza kusikiliza wanachoambiana. Akiwa nyuma ya mashua ameshika usukani, macho yako kwenye mwamba, masikio yako kwa mke anayemlaumu mumewe kwa kusahau kofia. Humo ndimo vitenzi vinamotembea vikiwa vizima.

Na watoto ndio waliokuwa walimu wake bora. Mtu mzima humvumilia mgeni anayekosea, tena humpongeza. Mtoto wa miaka sita hana uvumilivu huo. Akisikia neno limepinda hulinyoosha papo hapo, kwa sauti, mbele za watu, na akiulizwa tena hurudia mara kumi bila kuchoka. Siku moja nilimsikia kijana anayejifunza kazi kwake akimuuliza, “Ami, ndoo hii ya mchanga wanaiitaje?” Akamjibu bila kugeuka, “Unaniuliza mimi, na mwenye ndoo yuko pale anachimba? Nenda kamuulize. Akikucheka, rudi tena ukamuulize.” Kijana alikwenda, na alirudi na neno secchiello likiwa na herufi zake zote.

Ana daftari. Kurasa zake za mwanzo zimeandikwa kwa hati ya Kiswahili: bwonjorno, kwanto kosta, ke bello. Msomi angecheka, lakini hati hiyo ilimtumikia vyema, kwa sababu Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, na irabu zetu tano zinakaribiana sana na za Kiitaliano. Ny yetu tayari ni gn yao: bagno akaiandika banyo, montagna akaiandika montanya, na hakuna aliyemsahihisha matamshi. Taabu ilianza alipotaka kusoma. Alilitamka neno chiuso, lililobandikwa kwenye mlango wa duka lililofungwa, kwa ch ya chai, kumbe kwao chi ni ki yetu, na ci ndiyo chi yetu. Ikambidi azihamishe kurasa zote kwenye hati yao, neno kwa neno. Kazi hiyo ya kunakili, ambayo mwingine angeiona adhabu, ndiyo iliyomfungulia menyu, magazeti na mabango.

Ukilifungua daftari hilo leo utaona alama mbili alizozibuni mwenyewe. Ya kwanza ni mstari chini ya silabi inayobeba mkazo. Sisi mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi wa Mswahili hulifanya hivyo kila neno linalopita. Kiitaliano hukubali mara nyingi, kisha hukataa ghafla. Telefono mkazo wake uko kwenye le. Napoli uko mwanzo kabisa, na vivyo hivyo Genova, Bergamo, Padova. Majina ya miji aliyashughulikia kabla ya mengine, kwa hesabu ya kibiashara iliyo wazi: mgeni akisema ametoka Bergamo, na wewe ukalirudia jina la mji wake kama linavyotamkwa na mama yake, mazungumzo hubadilika sura.

Alama ya pili ni duara dogo juu ya konsonanti inayorudiwa. Kwetu sisi hakuna tofauti ya maana kati ya t fupi na t iliyokaziwa. Kwao sete ni kiu na sette ni saba, nono ni wa tisa na nonno ni babu. Sikio lisilozoea halisikii tofauti yoyote, na jambo lisilosikika haliwezi kutamkwa. Alilifundisha sikio lake kwa jozi: aliomba mtu atamke la kwanza na la pili bila mpangilio, yeye akabahatisha lipi ni lipi, mpaka akaacha kubahatisha. Hakuna aliyemwambia kwamba walimu wa fonetiki hutumia zoezi hilohilo. Alilifikia kwa sababu alijiuliza swali sahihi: nitajuaje kwamba nimesikia?

Katika sarufi Mswahili ana mtaji ambao hata mwenyewe haujui. Mzungumzaji wa Kiingereza hulalamika kwamba vitu vya Kiitaliano vina jinsia, na kwamba sifa lazima ifuate nomino yake: barca bianca, barche bianche. Sisi tumelelewa katika ngeli. Anayesema chungwa kubwa, machungwa makubwa, mchungwa mkubwa, michungwa mikubwa bila kufikiri, hawezi kutishwa na makundi mawili. Hata vighairi vinafanana kwa tabia. Kwetu kiboko ana umbo la ki-vi, lakini kwa kuwa ni kiumbe hai tunasema kiboko mkubwa amekuja. Kwao turista lina mwisho wa a kama nomino za kike, lakini mtalii akiwa mwanamume ni il turista. Nilipomweleza mtu wangu mlinganisho huu aliniangalia kwa huruma. Alikuwa ameuona zamani. Ameuandika kwenye ukurasa wake, upande wa kushoto viboko na vipofu, upande wa kulia waturista na wapiloti.

Palipomsumbua ni wakati uliopita. Kiitaliano cha mazungumzo huunda wakati huo kwa visaidizi viwili: ho mangiato, nimekula, lakini sono andato, nimekwenda. Lini hiki na lini kile? Aliwauliza wageni, nao hawakujua, maana mwenye lugha huitumia sheria asiyoweza kuieleza. Hapo ualimu wake ukaonekana. Aligawa ukurasa katikati, akawa kila akisikia kitenzi anakiweka upande wake: kula, kunywa, kuona, kununua huku, kwenda, kuja, kutoka, kuingia, kuzaliwa, kufa kule. Hakuharakisha kutoa hukumu. Orodha iliporefuka, sura ilijitokeza yenyewe: upande mmoja mtu anatenda juu ya kitu, upande wa pili mtu mwenyewe ndiye anayehama au kugeuka hali. Sheria ina vighairi vyake, na anavijua, lakini sehemu kubwa ilisimama, naye ameielewa kwa kuwa ndiye aliyeichimbua.

Jambo ninaloliheshimu kuliko yote ni namna anavyojipima. Mtu asiye na mtihani huweza kujidanganya miaka mingi, na wageni walio likizoni humsaidia kujidanganya kwa kumsifu. Yeye hapimi kwa sifa. Anapima kwa hadithi. Kila jioni huwapeleka watu kwenye nguzo ya Vasco da Gama, aliyetia nanga Malindi mwaka 1498, na husimulia mambo yaleyale: mfalme aliyempokea vizuri, rubani aliyemvusha kwenda India, jiwe la matumbawe lililobaki. Simulizi ni ileile, masikio ni mapya. Hiyo ndiyo maabara yake. Hubadilisha sentensi moja tu, kisha hutazama nyuso. Wakikunja vipaji vya nyuso mahali fulani leo, na kesho kundi jingine likakunja palepale, sentensi hiyo ina kasoro, na usiku ataitafuta. Mzaha wake ukichekewa kabla haujakwisha, sentensi imekaa sawa. Msimu mzima simulizi hiyo hunyooshwa kidogo kidogo, na anayeisikia mwezi wa pili haijui ya mwezi wa saba iliyotangulia.

Kwa njia hiyo aliligundua pia suala la heshima. Kiitaliano kina tu kwa rafiki na mtoto, na Lei kwa mkubwa na usiyemjua. Ufukweni kila mtu ni tu, na kijana aliyejifunzia mchangani huingia nalo hata kwa ajuza wa miaka themanini. Mtu aliyelelewa kwa shikamoo hahitaji kufafanuliwa uzito wa jambo hilo. Anahitaji tu kujua mlango wake uko wapi katika lugha ya pili. Yeye aliutafuta kwenye duka la dawa na benki, mahali ambapo Waitaliano wazee huhudumiwa na Waitaliano wenzao, akasikiliza wanavyoitana. Tangu hapo wateja wake wazee humtafuta yeye.

Halafu kuna miezi mikavu, ambayo kwa hali ya hewa ndiyo miezi ya mvua. Kuanzia Aprili hadi Juni masika hupiga, bahari huchafuka, hoteli nyingine hufunga milango, na lugha hupoteza wasemaji. Hapo ndipo wengi hupoteza nusu ya walichokipata. Yeye hukaa na wenzake wawili watatu barazani, wakizungumza Kiitaliano wao kwa wao, jambo linalowafanya watoto wa mtaa wacheke. Anajua hatari yake: watu wasio na mwenye lugha kati yao huzoeshana makosa. Kwa hiyo huweka mezani gazeti au riwaya iliyoachwa na mgeni, na penye ubishi kitabu ndicho kinachoamua.

Riwaya hiyo inanikumbusha mwanamke wa mbali sana na pwani hii. Kató Lomb alizaliwa Pécs, Hungaria, mwaka 1909, akasomea kemia, akakosa kazi katika miaka ya dhiki ya uchumi, akaamua kuishi kwa lugha. Kiingereza alijifunza kwa kuisoma riwaya hadi ikamkubali. Kirusi alikisoma kwa kificho wakati wa vita, katika mahandaki ya Budapest, kurasa za Gogol zikiwa zimefichwa ndani ya ensaiklopidia ya Kihungaria. Alikuja kuwa mkalimani wa lugha nyingi, na mwaka 1970 alichapisha kitabu kinachoeleza namna anavyojifunza. Ushauri wake ni wa kifundi: usisimame kila neno usilolijua, soma mbele, maana neno la lazima litarudi; neno liandike likiwa ndani ya sentensi yake; zungumza peke yako bila haya. Alikataa kabisa kusifiwa kipaji, akisema matokeo hutokana na muda na hamu, na kwamba kinachoyapunguza ni woga.

Yeye alikuwa na vitabu bila watu, mtu wangu alikuwa na watu bila vitabu, na bado wangekutana wangeelewana upesi. Wote wawili hawakungoja kupangiwa somo. Lomb alipotaka kujifunza Kipolandi alijiandikisha katika darasa la waliobobea, ilhali hajui hata neno moja, na alipoulizwa sababu alisema kwamba asiyejua kitu hana budi kwenda mbio.

Siku hizi simu hujigamba kufanya kazi yote hii. Programu humpangia mtu maneno, humkumbusha, humpa nyota. Sizidharau, vijana wa Malindi wanazo, na kwa matamshi zina msaada. Lakini zinachukua ile kazi ya pili. Aliyepangiwa kila hatua anaweza kumaliza masomo yote akiwa mwanafunzi hodari, na siku programu ikikwisha asijue pa kuelekea. Hata mtihani rasmi, kama ule wa CILS wa Chuo cha Siena au CELI wa Perugia, hupima ulichokipata, haupimi namna ulivyokipata. Mtu wangu amefikiria kuufanya, hasa kwa ajili ya kuandika, ambako anajijua ni dhaifu. Naona ataufanya siku atakayoamua mwenyewe kwamba ndilo somo linalofuata.

Kwa sasa somo linalofuata ni jingine. Waitaliano si wengi kama zamani, na Wapolandi, waliojaa kwenye fukwe za Zanzibar katika miaka ya karibuni, wanafika na huku kwetu. Amefungua daftari jipya. Kipolandi hakimpi zile irabu za starehe. Konsonanti zimerundikana hadi mdomo unatafuta pa kupumulia, na neno la kuomba radhi tu, przepraszam, lilimchukua muda. Ila mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, sawa na wetu, kwa hiyo kile kistari alichokibuni kwa ajili ya Napoli hakihitajiki tena, naye amekiacha bila kukisikitikia. Ukurasa wa kwanza hauna salamu wala bei. Una maswali matatu, hiki ni nini likiwa la kwanza: co to jest. Amekwisha kuuliza pia ni hoteli ipi yenye familia za watoto wadogo. Kiitaliano kilimkuta hana mwalimu. Kipolandi kimemkuta anaye.